Msisingizie mkondo, angalieni fundo

Wadau, leo naanza na msimamo kabisa, ili yule anayesoma huku anasubiri daladala asije akashuka kabla sijafika kwenye hoja. Mtu anayevua kwa kayaki au mtumbwi juu ya mwamba, akatupa nanga ambayo hana njia ya kuing'oa wala ya kuiacha, huyo hajatia nanga. Kajifunga. Na siku yakimkuta ya kumkuta, tafadhali sana, msiniletee habari za mkondo, wala upepo mkali, wala siku zake zilikuwa zimefika. Nendeni mkaangalie fundo.

Najua nitakera watu. Nimeshawakera tayari. Juzi pale vimbwetani nilisema haya haya, nusu ya baraza wakanigeuka na nusu nyingine wakaondoka kwenda kula. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi niko mwaka wa tatu, uhandisi mitambo, na pamoja na washkaji watatu tunamiliki kayaki moja ya plastiki, ya mitumba, ile ya kukalia juu, tuliyoichangia bumu lilipotoka. Tunaihifadhi Kigamboni kwa mzee mmoja mvuvi. Bahari ikiwa poa tunatoka kwa zamu kuvua kwa mshipi, nje ya mipaka ya hifadhi. Tusidanganyane, siku nyingi tunarudi na kitoweo cha mtu mmoja na nusu. Lakini siku hizi si sisi peke yetu. Kila nikishuka ufukweni nakuta kayaki mpya, na kila kayaki mpya ina nanga iliyofungwa vibaya. Ndiyo maana naandika leo badala ya kumalizia ripoti ya maabara.

Kwani mwambani tunafuata nini? Samaki. Mchangani utapata cha bahati, lakini changu, chewa, chazanda na jamaa zao wanakaa kwenye mapango, nyufa na vichwa vya matumbawe, maana ndiko wanakopata kula na kujificha. Ukiacha chombo kielee na mkondo, baada ya dakika chache umeshaupita mwamba, uko juu ya mchanga, na njiani ndoana imenasa mara mbili. Kwa hiyo unatia nanga. Sasa zile nyufa zinazomfurahisha chewa ndizo zinazomeza nanga yako. Mchangani nanga inashika kwa kujizika, na ukija juu yake ukavuta inachomoka kama muhogo kwenye udongo uliolowa. Mwambani haijiziki popote. Inaingiza kucha kwenye ufa, na kadiri mkondo unavyokuvuta ndivyo kucha inavyozidi kujikita. Unaweza kuja juu yake ukavuta mpaka kiuno kiume, haiji.

Watu wengi hapo wanaona ni hasara tu: nanga imepotea, pole, utanunua nyingine. Ingekuwa hivyo nisingeandika. Hebu tupige hesabu kidogo, hesabu ya darasa la saba tu.

Umefika maji yamekupwa, siku ya bamvua. Chini yako pima nane, yaani karibu mita 14 na nusu. Kwa uvivu, au kwa sababu kamba uliyonayo ndiyo hiyo hiyo, umeachia mita 16 ukakaza. Bahari ya Dar wakati wa bamvua inapanda mita 3 na zaidi. Tuseme 3 tu ili hesabu iwe rahisi. Hazipandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza maji yanapanda kama robo mita. Saa ya pili nusu mita. Saa ya tatu na ya nne, robo tatu ya mita kila moja. Kisha yanapoa tena mpaka saa ya sita. Sasa jiweke kwenye kile kiti cha plastiki. Saa mbili za mwanzo unavua kwa raha, unapiga picha, unajiona nahodha. Saa ya tatu inapokwisha, kina ni mita 16 kamili, na kamba imesimama wima kama mlingoti. Ndani ya saa ya nne kina kinaupita urefu wa kamba, na kunabaki mambo mawili tu: nanga ije juu au kayaki iende chini. Kama nanga imeuma mwamba, haiji.

Tena wakati huo huo ndipo mkondo unapokuwa na kasi kuliko saa nyingine zote. Hapa wenzangu wa uhandisi mnanielewa: kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma chombo haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Yule aliyeona asubuhi kwamba kamba yake inahimili vizuri amepima kitu kingine kabisa. Amepima asubuhi.

Na hapo sijagusa kosa kubwa kuliko yote, la kufunga nanga ubavuni.

Nitasema hili kwa sauti ya juu kidogo. Kayaki nyingi zinauzwa na mshikio katikati ya ubavu, wa kubebea. Uko karibu na mkono, unavutia, na kila mgeni anafungia nanga hapo. Mwezi uliopita nilimwona kijana mmoja, mwanafunzi mwenzetu, simtaji, akiwa kama mita 100 kutoka nilipokuwa. Maji yanakupwa kwa nguvu, nanga imeuma, kamba iko kwenye mshikio wa ubavuni. Chombo kikageuka kikaukabili mkondo kwa urefu wake wote badala ya kuukabili kwa ncha. Maji yanasukuma upande mmoja, kamba inavuta upande huo huo kwenda chini. Mdomo wa ubavu ukaingia majini, basi. Haikuchukua hata muda wa kusema bismillahi. Kafi likaondoka na mkondo, mikoba ikaondoka, yeye akabaki ameshikilia kitako cha kayaki iliyopinduka, bado imefungwa kwenye mwamba, inacheza kama mbuzi kwenye kamba. Waliomfikia kwanza ni watu wawili wa mtumbwi. Mmoja akatoa kisu cha kukatia chambo, akakata kamba, wakamvuta. Nilipofika mimi, kazi ilikuwa imekwisha.

Jioni nikasikia habari yenyewe inasimuliwa hosteli. "Mkondo ulimzidi." Mkondo! Mkondo ulikuwa pale jana yake, na juzi yake, na mitumbwi sita ilikuwa ndani ya mkondo huo huo, watu wanavua na kupiga soga. Ilipinduka moja, ile iliyofungwa ubavuni.

Sasa majibu niliyopewa vimbwetani. Yote nimeyasikiliza kwa adabu, na yote nayakataa.

La kwanza: nunua nanga nzito zaidi. Jamani! Tatizo ni nanga isiyoachia, na dawa unayoniletea ni nanga isiyoachia zaidi? Kayaki ni kitu cha kilo ishirini na kitu hadi thelathini, nanga ya kilo moja au moja na nusu pamoja na kipande cha mnyororo inatosha kabisa siku za kawaida. Siku ambayo hiyo haitoshi ni siku ya kukaa nyumbani kusoma. Kinachofanya nanga ndogo ishike ni urefu wa kamba. Achia mara tatu ya kina, ukihesabu kina cha maji yakiwa yamejaa, ili mvuto uende kwa ulalo. Nanga nzito kwenye kamba fupi ni usanii.

La pili: nina jaketi la kuokolea maisha. Vizuri, na usitoke bila hilo. Ila jaketi linakuelesha wewe, halikifungui chombo. Na kama kamba imekuzunguka kifundo cha mguu, jaketi linavuta juu na nanga inavuta chini, wewe uko katikati. Sitaki hata kuendelea.

La tatu, na hili lina akili kidogo: nitakata kwa kisu. Swali langu ni hili. Kisu kiko wapi? Nilimuuliza aliyesema. Kiko kwenye mkoba. Mkoba uko wapi? Ndani ya shimo la kuhifadhia, chini ya kifuniko, nyuma ya kiti. Teh teh teh. Kisu kiwe kifuani, kwenye jaketi, unakifikia kwa mkono wowote, hata ukiwa umepinduka. Hapo nakubali kwamba una kisu. Hata hivyo ni njia ya mwisho. Mtu mwenye njia moja tu ya kutoka, tena ya mwisho, bado hajajipanga.

Kuna la nne, la mzaha, kwamba mimi naongea hivi kwa sababu naogopa maji. Hilo nimeliacha lielee.

Basi nini kifanyike? Hapa nitakwenda polepole, maana ndiyo sababu ya kuandika, na ni jambo la bei ya andazi.

Chukua nanga yako ya makucha manne. Ina mti katikati, juu ina jicho la kufungia kamba, chini kwenye kitako ndiko makucha yanakotokea. Kila mtu anafunga mnyororo kwenye jicho. Usifunge hapo. Funga mnyororo kwenye kitako, kwa pingu ndogo ya chuma. Nanga nyingi zina tundu hapo. Kama haina, mpelekee fundi. Kisha laza mnyororo kufuata mti mpaka juu, na pale kwenye jicho uubane kwa kile kikamba cha plastiki chenye meno ambacho mafundi umeme wanafungia nyaya. Chembamba. Sasa nanga ikiwa chini, mvuto unapita kwenye jicho, makucha yanauma kama kawaida. Ikikwama, unavuta kwa nguvu, kikamba kinakatika, na kuanzia hapo mvuto wote unatoka kwenye kitako. Makucha yanatoka kinyumenyume, njia ile ile yaliyoingilia. Hasara yako ni kikamba. Unafunga kingine, unaendelea kuvua.

Kiwe na nguvu kiasi gani? Kihimili chombo kwenye mkondo wa kawaida, kikatike mtu akivuta kweli kweli. Anza na kimoja chembamba, kikikatika mapema mno ongeza cha pili. Usianze na kinene. Na usivute ukiwa umeinama ubavuni, utajipindua mwenyewe bila msaada wa mkondo. Ipeleke kamba kwenye ncha ya chombo, piga kafi kuuelekea mkondo mpaka uipite nanga, uache mwendo na uzito wa kayaki yenyewe ndiyo uvute.

Kuhusu ncha. Wenye kayaki mnaweza kutengeneza mzunguko wa kamba nyembamba ubavuni, unaopita kwenye kapi mbili ndogo, moja mbele na moja nyuma, wenye pete moja. Amari, yaani kamba ya nanga, inapita ndani ya pete. Ukivuta mzunguko, pete inakwenda omo kabisa au tezi kabisa, nawe umekaa pale pale kwenye kiti. Kisha mwisho wa amari usiufunge kwenye chombo. Narudia: usiufunge. Ubane mahali unapoweza kuuachia kwa mkono mmoja, na mwishoni kabisa fungia boya, hata dumu la mafuta la lita tano lililozibwa vizuri. Ikija boti inakuelekea, au umepata nguru anayekupeleka anakotaka, au wimbi limebadilika, unaachia, boya linabaki linaelea, unaondoka zako. Nanga utarudi kuifuata mambo yakitulia.

Wakati nauandaa ujumbe huu nilikumbuka jambo moja ambalo limenifurahisha. Neno kayaki limetoka kwa Wainuiti wa kaskazini ya mbali, waliokwenda kuwinda sili kwenye maji ya barafu ndani ya chombo cha ngozi. Kamba ya chusa lao haikufungwa kwenye kayaki. Ilifungwa kwenye boya la ngozi ya sili iliyojazwa hewa, na boya likatupwa majini. Mnyama akizama, anavuta boya. Walioibuni kayaki walijua kwamba kamba yenye kitu kizito upande wa pili haipaswi kuwa na ndoa na chombo. Sisi tumenunua chombo, tumeacha akili iliyokuja nacho.

Na kama Wainuiti ni mbali, tuje Kigamboni. Mzee anayetuhifadhia kayaki anavua juu ya mwamba kwa mtumbwi, na nanga yake ni jiwe. Jiwe tu, limezungushiwa ukambaa wa majani uliosukwa, na ukambaa ndio unaoungana na kamba ya manila. Nilipoliona mara ya kwanza, baada ya shikamoo nikamuuliza, mzee, mbona hapa umeunga na kitu dhaifu, na manila unayo? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una bawaba. "Mwanangu, jiwe likinasa ukambaa unakatika, naondoka. Jiwe nitaokota jingine. Wewe ukinasa utaokotwa na nani?"

Ni kile kile kikamba cha plastiki. Ni hesabu ile ile, ila yeye hakupewa mkopo wa serikali kuijifunza. Kwa hiyo ninapowasikia wenzangu pale vimbwetani wakisema wavuvi wa mitumbwi wanapata ajali kwa sababu hawajasoma, damu inanichemka. Wapo wavuvi wanaofunga vibaya, ndiyo, hasa vijana waliohamia kwenye nanga za nondo nene za milimita 12 zilizochomelewa, zisizopinda hata ukizitundikia gari. Hao nawaambia kama ninavyowaambia nyinyi: chomeleeni makucha ya nondo laini ya milimita 6, ambayo mkivuta kwa nguvu yanakunjuka, nanga inatoka, mnayapinda tena kwa mikono na nyundo. Lakini kumcheka mwenye jiwe huku wewe umefungia nanga ya dukani ubavuni, huko ni kuchemsha.

Sasa kuna kundi jingine linanisubiri kwa upande wa pili. Hao wanasema, wewe unafundisha watu kuvuta nanga mwambani kwa nguvu, je, matumbawe? Swali zuri, na sitalikwepa. Matumbawe ya mawe makubwa ya duara yanakua kama sentimita 1 kwa mwaka. Jiwe lenye kimo cha mtu mzima lilianza wakati hata babu wa babu yako hajazaliwa. Yale ya matawi yanakua haraka zaidi, mpaka kama sentimita 10 kwa mwaka, lakini ndiyo yanayovunjika kama biskuti. Tena kinachovunja sana si kucha, ni mnyororo, maana upepo na maji vikigeuka unazunguka na kufagia chini. Na matumbawe ya Bahari ya Hindi upande wetu yana majeraha mengine ya kutosha. Joto la maji liliyapausha mwaka 1998, likarudi 2016, likarudi tena 2024. Kabla ya hapo na katikati yake kulikuwa na baruti za wavuvi haramu, ambazo ziliharibu kuliko nanga zote za mitumbwi tukizijumlisha. Kwa hiyo sikubali mvuvi wa jiwe asomewe mashtaka ya bahari nzima. Ila sikubali pia kauli ya "kayaki yangu ni ndogo, inaharibu nini". Kayaki ziko kumi sasa. Mwakani zitakuwa ngapi?

Jibu langu ni kwamba nanga haina kazi juu ya matumbawe hai hata kidogo. Mwamba una ukingo, na ukingoni kuna mchanga au kifusi cha matumbawe yaliyokufa zamani. Angusha nanga hapo, upande mkondo unakotoka, kisha achia kamba ikurudishe taratibu mpaka ukae juu ya mwamba. Samaki hawajui nanga yako iko wapi. Ukiwa na miwani ya kuzamia, chungulia kwanza kabla hujatupa. Na bado kikamba cha plastiki kiwepo, kwa sababu nanga husogea, na ikisogea itakwenda kunasa kule kule usikotaka. Nanga inayotoka kwa mvuto mmoja inavunja kidogo kuliko ile inayong'ang'aniwa nusu saa huku na huku na watu watatu na boti yenye injini. Pale ambapo vyombo vinakwenda kila siku, vya watalii na vya nani sijui, dawa ni maboya ya kudumu ya kufungia vyombo. Boya moja lililowekwa vizuri linalinda matumbawe kuliko mabango ishirini. Visiwa kama Mbudya na Bongoyo vimekuwa hifadhi tangu 1975, na humo hatuvui kabisa, lakini chombo kinachokwenda kuogelea tu nacho kina nanga.

Kinachoniudhi kuliko yote ni ukaguzi. Ufukweni wanakuja watu na karatasi. Wanauliza leseni, sawa. Wanauliza jaketi, sawa kabisa. Wanatazama nyavu, matundu yana ukubwa gani. Sijawahi hata siku moja kusikia mtu anamwambia mwenye chombo: nionyeshe nanga yako inaachiaje. Wakati huo kamba iko pale pale mbele ya macho yao, imefungwa mafundo matatu juu ya mshikio wa ubavuni, tena kwa fahari. Vikundi vya BMU viko karibu na wavuvi kuliko ofisi yoyote. Kuongeza swali hilo moja hakuhitaji semina, wala posho, wala fulana za semina. Na nyinyi mnaokodisha kayaki kwa saa, msimpe mgeni nanga kabisa kama hamjamwonyesha jinsi ya kuiachia. Mwacheni aelee, atavua kidogo, atarudi.

Mtaniambia hii dunia ina matatizo makubwa kuliko fundo. Ni kweli. Mengi siwezi kuyafanyia kitu mpaka nimalize shahada, na baadhi hata baada ya hapo. Hili linachukua dakika kumi na kifaa cha bei ya andazi, na upande wa pili wa hesabu kuna mtoto wa mtu. Habari ya kwamba tumekabidhi kila kitu kwa Mungu naiheshimu, nimelelewa nayo. Lakini wale wale waliotulea hivyo ndio waliotufundisha kumfunga ngamia kwanza. Kwa nanga ya mwambani, kufunga vizuri ni kufunga kunakofunguka.

Jumamosi ya wiki ijayo ni maji mafu. Tutakuwa kule Kigamboni kuanzia saa moja asubuhi, kwenye kina cha kifua tu. Nimeomba tofali la zege lenye matundu, tutalizamisha, tutainasa nanga humo kwa makusudi, na kila mtu ataing'oa akiwa amekaa juu ya kayaki, kwanza kwa njia yake, kisha kwa kikamba. Atakayeshindwa kuing'oa kwenye kina cha kifua, timu yetu haitoki naye nje, hata kama ndiye aliyechanga zaidi. Vikamba ninavyo pakiti nzima. Wawili kati ya waliobishana nami wameshasema siku hiyo wako bize na mmoja ameuliza kama kutakuwa na chai. Chai ipo. Kayaki ni moja na tunapanda kwa zamu, kwa hiyo anayetaka kubisha afike mapema, aje na nanga yake.